Manyoya Mapya, Mpaka Uleule

Ndugu msomaji, nina ugomvi na simba. Si simba wa porini. Huyo sijakutana naye na sina haja. Ni yule Simba wa filamu, mtoto wa mfalme, ambaye kampuni ya Disney ya Marekani ilimchora mwaka 1994 katika The Lion King, kisha ikamrudisha mwaka 2019 kwa jina lilelile, safari hii akiwa na manyoya ambayo unaweza kuyahesabu moja moja. Ugomvi huu ulizaliwa hapahapa Dzaleka, mbele ya watoto, na umenikosanisha kidogo na mtu ninayemheshimu. Ndiyo maana nauandika. Maneno yakikaa sana mdomoni yanageuka umbea.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi jioni, umeme ukituhurumia, sisi watu kadhaa wa kujitolea tunawaonyesha watoto filamu. Tunatundika shuka jeupe ukutani, tunaazima projekta, spika moja inakoroma, basi. Mimi ndiye mtafsiri. Waliokulia Tanzania wanamkumbuka Lufufu, yule bwana ambaye sauti yake ilifunika filamu za kigeni kwenye mabanda ya video. Mimi si Lufufu, sina hata robo ya vichekesho vyake, ila kazi ni ileile: picha inaenda, Kiingereza kinaenda, na mimi nasimama pembeni naeleza kwa Kiswahili. Mwenzangu anadakia kwa Kirundi pale wadogo wanapopotea.

Jumamosi ya kwanza tulionyesha ile ya 1994, kutoka kwenye flashi iliyokwisha kuzunguka kambi nzima, Kawale mpaka Katubza. Jumamosi iliyofuata dada mmoja Mkenya, anayefanya kazi na shirika moja huko Lilongwe, akatuletea ile ya 2019. Alitoka mjini, zaidi ya kilomita 40, siku yake ya mapumziko, kwa moyo mzuri, na biskuti juu.

"Kaka," akaniambia, "hiyo yenu ni katuni ya zamani. Hawa watoto nao wanastahili kitu kipya. Hii ni simba kabisa, kama wale wa mbugani."

Nilimshukuru, na biskuti tulikula. Ila jibu langu lilikuwa refu kuliko muda wa gari lake kusubiri. Dada, jibu lenyewe ndilo hili.

Kuna mahali ambapo filamu zote mbili zinasimulia jambo moja kwa mpangilio mmoja. Mfalme Mufasa amekufa bondeni, amekanyagwa na nyumbu, baada ya ndugu yake mwenyewe, Scar, kumtupa kutoka kwenye jabali. Mtoto anamkuta baba yake. Anamwita, anamsukuma kwa kichwa, hapati jibu. Anaita msaada, hakuna anayekuja. Mwisho anajipenyeza chini ya mkono wa baba na kulala hapo. Kisha Scar anafika na kumwambia mtoto kwamba kosa ni lake, akimbie, asirudi kamwe.

Jumamosi ya kwanza, tulipofika hapo, niliacha kutafsiri. Haikuhitajika. Nyusi za yule simba mdogo zilipanda, mdomo ukatetemeka, machozi yakamtoka, na uwanja mzima wa watoto wa lugha nne au tano ukaelewa kwa wakati mmoja. Kimya kile sijakisikia tena Dzaleka saa moja ya jioni. Msichana mmoja, umri wake miaka kama minane, aliyekuwa amembeba mdogo wake mgongoni, alivuta ncha ya chitenje akajifunika uso. Sikumuuliza kwa nini. Hapa hatuulizani hayo.

Jumamosi ya pili, mahali palepale. Simba mzuri mno amelala, na simba mdogo mzuri mno amesimama kando yake. Sauti inalia. Uso haulii. Uso wa simba wa 2019 akifiwa ni uleule wa simba wa 2019 akiwa ameshiba, kwa sababu waliotengeneza waliapa kwamba mnyama afanane na mnyama. Mvulana aliyekaa mbele akauliza kwa sauti, "Mwalimu, yule mkubwa amelala?" Nyuma wakacheka.

Basi ikabidi nitafsiri kifo. Nilisema, "Hapana, amekufa." Katika mwaka wote wa kuonyesha filamu hapa, kwa watoto hawa, sijawahi kulazimika kutafsiri jambo hilo.

Hoja yangu ni moja. Mtu akirudia kazi iliyokwisha kufanywa na wenzake, heshima yake iko mahali pamoja tu: kusahihisha walipokosea. Walioirudia The Lion King walipewa miaka 25 ya kutafuta makosa, na fedha zisizo na idadi. Walichofanya ni kuondoa kilichokuwa kizuri na kuacha kilichokuwa kibaya.

Nianze na kizuri kilichoondolewa.

Dada, ulisema ile mpya ni simba kabisa. Hapana. Hakuna simba hata mmoja mle ndani. Hakuna hata jani. Mkurugenzi wake, Jon Favreau, alisema mwenyewe kwamba katika filamu nzima kuna picha moja tu iliyopigwa kwa kamera mahali halisi, nayo ni jua linapochomoza pale mwanzo. Mengine yote, mawe, vumbi, maji, masikio, yametengenezwa ndani ya kompyuta. Kwa hiyo tusidanganyane: filamu zote mbili ni michoro. Swali ni nani alichora nini. Wachoraji wa ile ya kwanza walikwenda Kenya mwaka 1991, wakaingia mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, wakaangalia majabali na mwanga wa kwetu, kisha wakarudi kwao na kumpa simba nyusi. Simba hana nyusi. Ni uongo. Lakini ni uongo wa aina ileile ambayo bibi yangu aliutumia akisema sungura alimwambia fisi hivi na hivi. Hakuna mtoto aliyewahi kumwuliza bibi kama sungura husema. Walitaka kujua sungura alijisikiaje.

Watoto wetu wanahitaji nyusi zile kuliko watoto wa London. Mtoto wa London anasikia Kiingereza. Uso ukimnyima habari, maneno yatampa. Mtoto wa Dzaleka ana uso tu. Filamu iliyoondoa nyuso ili ionekane ya kweli imemfungia mlango mtoto asiyejua lugha, halafu tunamletea huyohuyo na kumwambia hiki ndicho kipya, furahi.

Tena si nyuso peke yake. Wimbo wa mapenzi wa Simba na Nala, ambao kwa jina lake lenyewe ni wimbo wa usiku, ile mpya inauimba mchana kweupe, jua linawaka. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kuchukua mtoto wake aliguna, akasema, "Mapenzi ya saa sita mchana haya." Sikuwa na la kumjibu.

Lililoniuma zaidi ni fimbo ya Rafiki. Katika ile ya 1994, yule mzee nyani anampiga Simba fimbo ya kichwa. Simba analalamika. Mzee anamwambia kwamba hilo limeshapita. Simba anasema ndiyo, lakini bado linauma. Na mzee anakubali! Anakubali kwamba yaliyopita huuma, kisha anamwambia mtu anaweza kuyakimbia au kujifunza kwayo. Kwenye Kiswahili tuna methali inayosema yaliyopita si ndwele. Mtu akikuambia hivyo hapa kambini, mara nyingi ni mtu ambaye yake hayajapita usiku uliopita akiwa kitandani. Katuni ya watoto ilikuwa na adabu ya kukiri kwamba ni ndwele. Filamu ya 2019 imelitoa tukio hilo. Badala yake ina safari ndefu ya kishungi cha manyoya ya Simba, kinachopeperushwa, kinaliwa na twiga, kinatoka kwenye mavi ya twiga, kinaviringishwa na mdudu wa mavi, hadi habari inamfikia Rafiki kwamba kijana yu hai. Watoto walicheka sana hapo, sikatai. Ndipo walipocheka kuliko pengine pote. Lakini angalia hesabu. Filamu imeongezwa nusu saa, kutoka dakika 88 hadi 118. Katika nusu saa hiyo mavi yamepata nafasi, fimbo imekosa.

Sasa kibaya kilichoachwa. Hapa nawaomba wafanyakazi wa mashirika msogee karibu, maana filamu hii mnaipenda sana kwa ajili yetu. Mnasema ni hadithi ya mtoto aliyekimbia kwao, akakua ugenini, akarudi nyumbani. Mnasema inatupa matumaini.

Filamu ya kwanza ilitoka Juni 1994. Mwaka huohuo Dzaleka, mahali ambapo Kamuzu Banda alikuwa amewafungia wapinzani wake, pakafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Sisi na Simba tu marika. Tulinganishe basi. Ukimbizi wa Simba unachukua wimbo mmoja. Anapanda juu ya gogo akiwa mtoto, anatembea huku anaimba, na kabla wimbo haujaisha ana manyoya shingoni. Hakuna aliyemwandikisha, hakuna aliyemwuliza karatasi, hakusimama foleni akisubiri kusikia kama mgao wa mwezi huu umepunguzwa. Funza wako chini ya gogo, ajiinamie ale. Wenyeji wake, Timon na Pumbaa, wanamkubali baada ya kupiga hesabu kwamba simba akiwa upande wao atawafaa. Hilo peke yake nalikubali kuwa ni la kweli: hata sisi, kila mwenye kutupokea huuliza kwanza tutamfaa nini.

Na wimbo wenyewe ni Hakuna Matata. Jamani. Kwa sisi tuliotoka Kivu, matata si neno la fulana. Matata ndiyo yaliyotutoa. Mtu anasema "kuna matata huko" na watu wanaanza kufunga mizigo. Neno hilo lilikuwa la watalii hata kabla ya Disney. Them Mushrooms wa Kenya walilitia kwenye Jambo Bwana mwaka 1982. Lakini Disney ndiyo iliyoomba mwaka 1994 lisajiliwe Marekani kuwa alama yake ya biashara, na mwaka 2003 ikapewa, kwa ajili ya nguo. Mwaka 2018, filamu mpya ikiwa njiani, watu zaidi ya 50,000 walitia sahihi ombi la kupinga. Walikuwa na nafasi ya kusikia. Filamu mpya ikaja na gogo lilelile, funza walewale, na wimbo uleule. Miaka ya mtoto ugenini bado ni mzaha wa dakika chache.

Lakini hayo madogo. Kubwa ni fisi.

Mwanzoni mwa filamu zote mbili Mufasa anampandisha mwanawe juu na kumwonyesha nchi. Kote mwanga unakofika ni kwetu. Na kule kwenye kivuli? Kule ni nje ya mpaka wetu, usiende kamwe. Kule ndiko wanakokaa fisi, katikati ya mifupa ya tembo, na wana njaa. Filamu haisemi nani aliwapeleka huko, lini, kwa kosa gani. Njaa yao imechukuliwa kama rangi yao, walizaliwa nayo. Scar anawaahidi kitu kimoja tu, kwamba hawatashinda njaa tena, na kwa ahadi hiyo wanamfuata. Anapokuwa mfalme wanavuka mpaka. Matokeo yake ni nini? Wanyama wanaisha, mto unakauka, nchi inakuwa majivu. Simba anarudi, fisi wanashindwa, na mvua inanyesha.

Hesabu hiyo mtoto haihitaji mtafsiri. Waliokuwa nje wakiingia, chakula kinaisha. Wakiondolewa, mvua inanyesha.

Mimi naijua hesabu hiyo. Niliisikia Lilongwe, sokoni, kwa mama muuza nyanya ambaye hakuwa na ubaya wowote nami; alikuwa ananipimia na kuniongezea mbili za bure. Bei zimepanda, akasema, kwa sababu nyinyi wageni mmekuwa wengi. Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, hesabu ileile ilitajwa kwa sauti kubwa zaidi. Watu wakarudi, kwenye kambi iliyopangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000 na ambayo sasa ina zaidi ya 50,000. Nyanya zikashuka bei? Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44. Hakuna fisi aliyehusika.

Sisi wenye Kiswahili tuna maumivu ya ziada, kwa sababu majina tunayasikia. Mwingereza akisikia Pumbaa anasikia sauti ya kuchekesha. Sisi tunasikia mtu aliyepumbaa. Sawa, huyo ni mzaha. Lakini fisi mkubwa anaitwa Shenzi. Neno hili lina historia. Watu wa pwani waliwaita washenzi watu wa bara, yaani babu zetu, wakati wa misafara. Kisha wakoloni wakalipokea na kulitumia kwa Mwafrika yeyote. Ndilo jina alilopewa yule anayekaa nje ya mpaka, mwenye njaa, asiyetakiwa kuingia. Mwaka 1994 tuseme hawakujua. Mwaka 2019 je? Waliwabadilisha majina fisi wenzake wawili. Mmoja akawa Azizi. Mwingine akawa Kamari. Nadhani walitaka neno la Kiarabu la mwezi, lakini mtoto yeyote wa Dzaleka anajua kamari ni nini, amemwona mjomba wake anaipoteza. Hata hivyo walishika kamusi mkononi, walibadilisha, na Shenzi akabaki Shenzi.

Nitende haki. Ile mpya ina mazuri yake na Dada aliyataja. Sauti ni za watu weusi wengi kuliko ile ya kwanza. Rafiki ni John Kani wa Afrika Kusini, mzee wa jukwaa. Shenzi mwenyewe ni Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala. Ule wimbo wa Scar ambapo fisi wa 1994 walipita kwa gwaride la miguu iliyonyooka kama askari wa Hitler umefupishwa na gwaride limeondolewa. Nashukuru. Lakini fikiria kilichotokea: fisi wa kwanza walikuwa na uso, walitaniana, walilalamika njaa, ungeweza hata kuwapenda kwa siri. Fisi wa 2019 wana meno na macho ya usiku, basi. Wamewapa fisi sauti ya mwanamke wa Kampala, halafu wakamfanya atishe zaidi. Na mpaka uko palepale, haukusogea hata hatua.

Msomaji mjanja atanikamata hapa. Atasema, kwani hadithi zetu si zilimtukana fisi kwanza? Kweli kabisa. Kichewa kinamwita fisi vilevile, Kinyarwanda kinamwita impyisi, na kote huko ni mlafi, mjinga, anayedanganywa na sungura. Sijivunii. Lakini fisi wa bibi yangu anakosa kosa lake mwenyewe, anachapwa, analia, na kesho jioni yuko tena kijijini, jirani wa sungura, anaalikwa harusini. Bibi hakuwahi kumwondoa fisi nchini ili mvua inyeshe.

Mwingine atasema hii ni filamu ya watoto, usiitwishe siasa za dunia. Ndugu yangu, ni kwa sababu ni ya watoto. Mtu mzima akionyeshwa mpaka kwenye filamu anao wake wa kulinganisha. Mtoto aliyezaliwa Dzaleka hajawahi kuvuka mpaka wowote. Yeye alizaliwa ndani ya kivuli, na filamu ndiyo inamwambia kwamba mahali alipo ni kivuli.

Wala msiniambie kwamba hawakuweza. Mwaka 2024 walitoa nyingine, Mufasa, iliyoongozwa na Barry Jenkins, na humo tunaambiwa kwamba mfalme mkubwa mwenyewe alikuwa yatima, alisombwa na mafuriko, akafika kwa watu wasio wake, akalelewa kwa masimango. Kumbe! Ukoo wote wa wafalme unatokana na mtoto asiye na kwao. Nilipoiona nilisema, leo wameelewa. Kisha wakaja maadui wa filamu hiyo, na ni akina nani? Simba weupe waliofukuzwa kwenye makundi yao. Wafukuzwa, kwa mara nyingine. Mmoja aliyetupwa anakuwa mfalme kwa sababu ana damu nzuri na tabia nzuri. Waliobaki waliotupwa ni hatari. Mkimbizi mwema mmoja, na kundi la kuogopwa nyuma yake. Mashirika, hiyo picha mnaijua. Iko kwenye mabango yenu: kijana mmoja aliyefaulu, anatabasamu.

Nirudi uwanjani. Filamu ya pili ilipoisha, mvua imenyesha, mtoto mpya wa mfalme ameinuliwa juu ya jabali, watoto wakaanza kusimama na kukung'uta vumbi. Yule msichana wa chitenje akanifuata. Mdogo wake alikuwa amelala mgongoni. Akaniuliza, "Mwalimu, na fisi, wamerudishwa wapi?"

Hakusema wamekwenda wapi. Alisema wamerudishwa. Neno hilo hakulitoa kwenye filamu, kwa sababu mimi sikulitumia kutafsiri. Alilitoa mwaka 2023, nyumbani kwao au kwa jirani. Nilitafuta jibu. Nilimwambia kesho tutaongea. Nilidanganya, na yeye alijua.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na hayana gharama.

Kwanza, mwenye kutuletea kitu kipya atuambie kinasahihisha nini. Hili ni la filamu, lakini sitakasirika mtu akilipeleka kwenye vitu vingine vinavyofika hapa na jina jipya. Kama hakisahihishi kitu, tuachieni kile cha zamani, tumeshajua kilipopasuka.

Pili, tukionyesha The Lion King, iwe ile ya 1994, yenye nyusi na fimbo, na mtafsiri aruhusiwe kusimamisha picha. Isionyeshwe tena tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, kana kwamba ni hadithi yetu. Ni hadithi ya mwana wa mfalme aliyerudi kwenye kiti cha baba yake. Wengi wetu baba zetu hawakuwa na kiti cha kurudia, walikuwa na shamba, na shamba lina mtu mwingine sasa.

Tatu, na hili ni letu wenyewe, tusisubiri Marekani imsahihishe fisi. Tuna Tamasha la Tumaini, ambalo mshairi Menes La Plume alilianzisha hapa mwaka 2014 na ambalo huwaleta watu wa Lilongwe mpaka kambini kututazama tukiwa jukwaani. Jukwaa lipo. Watoto wapo. Hadithi ya fisi, wapi walitoka, nani aliwaweka kwenye mifupa, nini kinatokea siku mfalme anapokaa chini na kuwauliza, haijasimuliwa na mtu yeyote mwenye fedha. Na isimuliwe hapa bila fedha.

Jumamosi ijayo tunaonyesha ile ya zamani tena. Nitaisimamisha kabla ya mvua ya mwisho, niwashe taa, na yule msichana atauliza swali lake mbele ya wenzake, kama atakubali. Nimeshamwomba, akasema ataangalia. Wenzake ndio watakaomjibu, kwa lugha yoyote wanayotaka. Mimi kazi yangu itakuwa kutafsiri tu.

Dada, njoo. Biskuti si lazima.